Mama Mkwe Hashiki Bega

Mimi nilikataa kura hiyo tangu mwanzo, na sikukataa kwa kunong'ona. Ofisi kubwa mjini ilitutumia fomu sisi wasimamizi wa wadi, ikitaka maoni yetu: je, wananchi wapewe nafasi ya kupiga kura kuamua pesa za uchukuzi zitumike wapi? Palikuwa na kiboksi cha ndiyo na kiboksi cha hapana. Nilitia alama kwenye hapana hadi kalamu ikatoboa karatasi. Palipoandikwa "toa sababu" nikaandika kwamba wananchi wanajua kuomba lakini hawajui kuchagua, kwamba ukiwaita barazani saa tatu wanafika saa tano, wakifika wanauliza soda iko wapi, na kwamba barabara na madaraja ni mambo ya injinia, si mambo ya kelele. Nikapiga muhuri.

Jina langu ni Syokau. Mdomo wangu unajulikana kuanzia Kabiro hadi Kawangware 56, na sijawahi kuuombea msamaha. Miaka kumi na minne nimekaa ofisi za serikali ya mtaa nikisikiliza kesi za choo, za taka, za mpangaji aliyehama usiku na mlango wa landlord. Kwa hivyo mtu akiniambia kura italeta maendeleo, mimi humuuliza: kura gani, ile ya kununuliwa kwa leso na unga?

Hawakunisikiliza. Baada ya wiki tatu barua ikaja kwamba wadi yetu ndiyo imechaguliwa kujaribu. Miradi ni miwili, pesa inatosha mmoja. Wa kwanza ni kutandika chini matofali ya kabro na kuweka kibanda cha abiria pale steji ya 56, ili watu wasikanyage matope wakingoja gari. Wa pili ni daraja la miguu kwenye mto wetu hapa Kabiro. Kura itapigwa kwa mlolongo, mchana kweupe, kila mradi na kiongozi wake aliyeandikishwa, na watu wasimame nyuma yake wahesabiwe. Nilisoma barua mara mbili, nikacheka peke yangu, kisha nikakasirika, maana kazi yote ilikuwa yangu.

Sasa, usidanganyike na hilo neno mto. Wakati wa jua unaweza kuuruka ukiwa na ndoo kichwani. Lakini mvua ya Aprili ilikuja na hasira zake, ikabeba ubao tuliokuwa tunavukia, ikabeba na nguzo, na maji yakakataa kushuka kabisa. Tangu siku hiyo watu wa ng'ambo walikuwa na njia mbili. Wazunguke juu mpaka 56 na kuteremka tena, karibu saa nzima kwa mtu mwenye magoti ya utu uzima, ama wamngoje Wanzala.

Wanzala ni kijana wa mkokoteni, anauza maji kwa mitungi. Ana mabega ambayo ukiyaona unaelewa kwa nini hajawahi kununua punda. Kila asubuhi kabla ya kazi na kila jioni baada ya kazi, alivaa gambuti zake akaingia mtoni na kuvusha watu mgongoni. Alivusha watoto wa shule, mafundi na misumeno yao, hata pasta na gitaa lake. Hakutoza mtu. Ukimuuliza kwa nini, alikwambia mke wake ana mimba, na yeye akikaa nyumbani anatumwa sana.

Kati ya waliokuja mtoni kila siku, mmoja tu Wanzala hakuwahi kumbeba, naye ni Sella, mama mkwe wake.

Kama wewe si mtu wa Western labda utauliza wamekosana nini. Hawajakosana. Mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe wake, hamsalimii kwa mkono, hali naye meza moja, na wakikutana kwenye kichochoro mmoja anajibanza kando na kutazama ukuta mpaka mwenzake apite. Hiyo ni heshima, bana, na heshima kubwa. Sella alimpenda kijana huyo kama watoto aliowazaa mwenyewe, ndiyo maana alimkimbia kuliko mtu mwingine yeyote.

Sella alikuwa mtu wa Kibera. Barabara ilipopita mahali kitanda chake kilipokuwa, alifunga vitu vyake akahamia Kabiro, kusudi awe karibu na Valary, binti yake wa pekee, ambaye ndiye mke wa Wanzala. Alipanga chumba upande wa huku, penye soko, akaanza kuuza mboga za kienyeji. Valary na mume wake walikaa upande wa pili, mlango wao ukiangalia mto. Valary alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Hii ya tatu daktari alimwambia atulie, asitembee mbali, asikanyage kwenye boda. Na Sella hakutaka kitu kingine duniani ila kimoja: mjukuu huyo akizaliwa, mikono ya kwanza kumwogesha nyumbani iwe yake, kama mama yake mwenyewe alivyomwogesha Valary. Alitaka awe akienda na kurudi mara tatu kwa siku, na beseni, na uji. Ukiwa na goti bovu na mboga za kuuza, huwezi kuzunguka 56 mara tatu kwa siku.

Kwa hivyo kila asubuhi Sella aliweka kikapu cha mrenda na kunde juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua kumi, akageuza uso. Wanzala akavuka, akachukua, akarudi. Ndipo mama na binti wakaanza kuulizana kwa sauti juu ya maji kama umekula, kama umelala, kama miguu imevimba. Mtaa wote ulijua Valary amepata choo siku gani.

Mimi niliyaona haya yote kwa macho yangu mawili na sikuelewa hata moja. Nilikuwa nanunua mboga kwa Sella, namwita Mama Valary, lakini sikujua kwamba huyo Valary ndiye wa Wanzala. Siku moja nilimkuta amesimama ukingoni anaangalia ng'ambo, nikamwambia aache uoga, apande mgongo wa kijana kama wengine, kwani yeye ni nani. Akaniambia goti linamsumbua. Nikaenda zangu nikisema moyoni kwamba watu wazima wa siku hizi wanadeka.

Basi nikaanza kupanga kura, na nikaipanga kwa hasira, ili isije kusemwa Syokau aliishindwa. Wizi wa mlolongo naujua. Mtu anahesabiwa hapa, anainama, anatokea kule na kofia nyingine. Kwa hivyo niliandika kanuni, nikaziwekea sahihi, nikazipeleka mjini zikakubaliwa. Kanuni ya kwanza, kila mtu aweke mkono begani mwa aliye mbele yake, na mkono usiachie mpaka hesabu iishe, mstari uwe mmoja kutoka mkiani hadi kwa kiongozi. Kanuni ya pili, wamama wenye umri watangulie mbele kabisa, kisha wazee, wahesabiwe mapema wasichomwe na jua. Kanuni ya tatu, saa sita kamili milango inafungwa. Kiongozi wa steji akawa Ogola, katibu wa steji ya 56, mtu ambaye ulimi wake unaweza kumuuzia samaki maji. Kiongozi wa daraja nikamwandikisha Wanzala. Nani mwingine? Kabiro nzima ilikuwa imepanda mgongo wake.

Nilijisifu sana kwa kanuni hizo.

Jumamosi ya kura, uwanja wa shule ulijaa kabla ya saa nne. Nilisimama getini mdomo wazi. Hakuna aliyeuliza soda. Ogola alikuja na spika kubwa na vijana wa kuimba, wakicheza mpaka vumbi likapanda. Upande wa daraja hawakuwa na spika, kwa hivyo walipiga sufuria. Watoto walikimbia katikati ya mistari kama vile ni Krismasi. Kutoka ofisi kubwa alikuja kijana anaitwa Isaac, na tableti, na filimbi shingoni, na viatu vyeupe ambavyo nilivihurumia. Yeye ndiye wa kuhesabu.

Saa tano na nusu nilikwenda kuchungulia tableti yake. Steji watu mia mbili na kumi na wanne. Daraja mia moja tisini na saba. Nikasema haya, steji imeshinda, kabro si kitu kibaya. Ndipo nikaona kando ya ukuta, kwenye kivuli, kundi la wanawake wamesimama tu. Walikuwa wamama wa kanisa, wamefunga vitambaa vya rangi moja, ishirini na watatu, na Sella katikati yao. Hawakuwa mstari huu wala ule. Wameamka, wameoga, wamevaa, wamekuja kuegemea ukuta.

Niliwaendea na mdomo wangu wote. Niliwaambia kwamba ndiyo maana serikali haiwaamini, kwamba wakinyimwa kura wanalia na wakipewa wanaegemea ukuta, kwamba mvua ya Oktoba ikija wasinijie ofisini na nguo zilizolowa. Niliongea nikaongea. Wao walitazama chini, mmoja baada ya mwingine. Nilipoishiwa pumzi, Sella akainua uso.

"Madam, yule mnayetaka tumshike bega nimempa mtoto wangu," akasema. "Hawa wote walikaa na mimi siku mahari ilipoletwa kwangu hapa hapa Kabiro. Sisi wote ni mama zake wakwe."

Nikashusha kidole nilichokuwa nawanyooshea.

Unajua kilichoniuma? Mimi ni Mkamba. Jambo hilo kwetu lina jina na lina uzito. Mama yangu mzazi, akimwona mume wangu anakuja kwa njia, aliingia shamba la mahindi akatokea upande wa pili na magugu yamemganda nguoni, kisha akaniuliza kama mkwe wake amekula vizuri. Hilo nimelijua tangu utoto, na bado nikakaa ofisini nikaandika kanuni inayotaka mama mkwe atangulie mbele, amshike mkwe wake bega, mbele ya watu mia nne na kijana mwenye tableti. Nilijikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Na ghafla nikaliona lile jiwe na kikapu, na yule mama aliyesimama ukingoni nikamwita mwoga, na nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mama mmoja akaniambia polepole kwamba walifikiria waende tu kwa Ogola, ili wasionekane wamekataa kura. Sella ndiye aliyekataa. Aliwaambia afadhali asimame ukutani mpaka jua litue kuliko kusimama kinyume na mjukuu wake. Kama daraja litakosekana, likosekane bila mkono wake.

Nikaangalia saa. Zimebaki dakika kumi na nane.

Nilikimbia kwa Isaac, na mimi mwili wangu si wa kukimbia. Nikamwambia tubadilishe kiongozi. Akasema jina limeshaandikishwa, haliwezi kubadilishwa siku ya kura. Nikamwambia basi tuondoe hiyo kanuni ya mkono begani, ama ile ya wamama kutangulia. Akafungua tableti, akanionyesha kanuni, na chini yake sahihi yangu, kubwa, yenye mkia. Aliyeiandika alikuwa na akili nyingi sana huyo mwanamke. Nikatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza funguo, na hapo getini nikaona mkokoteni.

Wanzala alikuwa ametoka kazini moja kwa moja asubuhi, akauegesha hapo, akaenda kusimama mbele ya mstari wake. Mkokoteni wake ulikuwa umejaa mitungi, safu tatu kwenda juu. Nikamwita, nikamwambia aulete, aingie katikati ya mishikio, atazame mbele, na asigeuke hata akisikia anaitwa na malaika. Yeye hakuuliza. Aliangalia ukuta mara moja, akaelewa, akaenda mbio. Watu wa mstari wake nikawaambia warudi nyuma, warudi, warudi tena. Kisha nikawapungia wale wamama mkono.

Sella alikuja mbele polepole na goti lake. Aliposimama nyuma ya mkokoteni, kati yake na mkwe wake palikuwa na mbao, magurudumu na mitungi iliyopanda juu kuliko vichwa. Hakuona hata kisogo chake. Akaweka mkono juu ya ubao wa nyuma. Wa pili akashika bega la Sella, wa tatu la wa pili, hadi wa ishirini na tatu, na nyuma yao Kabiro yote ikajiunga.

Isaac akapuliza filimbi. Akasema mkokoteni si mtu.

"Kanuni inasema mkono usiachie mpaka kwa kiongozi," nikamwambia. "Mkono umeshika mkokoteni, mkokoteni umeshikwa na Wanzala. Wewe nionyeshe palipokatika."

Kijana wa watu alitembea toka mbele hadi nyuma akitafuta palipokatika. Hakupaona. Lakini alikuwa ametumwa kazi, na mimi sikumlaumu, kwa hivyo akaenda kwa Ogola kumuuliza kama upande wa steji una pingamizi. Ogola alikuwa anaongoza. Akisema neno moja tu, wamama wale wanarudi ukutani na daraja limekufa. Muziki ulikuwa umezimwa. Ogola aliangalia mkokoteni, akaangalia ule mkono wa Sella juu ya ubao, akajikuna kidevu.

"Mimi mama mkwe wangu yuko Kibera," akasema. "Nikimwona kwa mbali naruka ukuta, na siku hizi sina miguu ya kuruka ukuta. Wahesabu."

Watu wake mwenyewe walimcheka mpaka wakashikana mikono. Isaac akahesabu mara mbili. Mia mbili na ishirini. Saa sita kamili akapuliza filimbi, na daraja likawa limeshinda kwa watu sita.

Sijui nikuelezeje furaha ya siku ile. Sufuria zilipigwa zikabonyea. Ogola aliwasha spika yake akawapigia washindi muziki, akisema yeye hawezi kuipeleka nyumbani betri ikiwa bado ina chaji. Wanzala alibebwa juu juu, mtu aliyekuwa amewabeba wote, na sherehe ilibidi igawanywe pande mbili, yeye acheze huku na mama zake wakwe kule, na kila kundi likisogea, lingine linahama. Sella alicheza kwa goti moja. Mimi nilicheza pia, na kuna picha, na picha hiyo sitaki kuiona.

Jumatatu ofisi kubwa ikatuma fomu tena, maoni baada ya jaribio. Nikatia alama kwenye ndiyo. Kwenye sababu nikaandika kwamba watu wanajua wanachokitaka kuliko mimi ninavyojua kukipanga, na kwamba wadi zingine zikijaribu kura hii, msimamizi aulize kwanza nani amemwoa binti ya nani. Mkubwa wangu alinipigia simu akauliza kama nimeanza kunywa.

Injinia alileta mchoro mwezi wa nane. Siku mbili baadaye Sella aliingia ofisini kwangu mara ya kwanza, na fungu la kunde kama mtu anayekuja kuona mgonjwa. Alikuwa amesikia daraja lina upana wa mita moja. Akaniuliza, kwa adabu, watu wawili wakikutana katikati, mmoja ni yeye na mwingine ni yule kijana, nani atarudi nyuma kila siku? Mwezi mmoja uliopita ningemfukuza na kunde zake. Siku hiyo nilivaa viatu nikaenda kwa injinia. Nilimwambia nataka upana wa mkokoteni na mtu apite kando bila kugusa kitu. Akasema pesa haitoshi. Nikachukua mchoro wake, nikaona kwenye lango kuna bati kubwa la kuandikwa majina ya wakubwa, na taa za kulimulika. Nikamwambia toa hiyo. Tukabishana wiki nzima, na bati likatoka.

Daraja likaisha Novemba, refu, jeupe, na reli pande zote mbili. Ndipo amri ikaja: asivuke mtu mpaka Jumamosi, mkubwa atakapokuja kukata utepe. Wakafunga utepe mwekundu pande zote mbili na kuweka askari wa zamu. Watu wa Kabiro walikuwa wanalitazama daraja lao kama watoto wanavyotazama keki ya harusi, kisha wanazunguka 56. Nikasema sawa, ni siku chache, tumengoja tangu Aprili.

Valary alijifungua Jumapili hospitalini, mtoto wa kike, bila shida yoyote. Jumanne alfajiri jirani mwenye gari aliwazungusha kwa upande wa 56 akawafikisha nyumbani. Habari ilifika soko kabla ya jua.

Mimi nilifika darajani saa moja kukagua rangi ya reli, na nikamkuta Sella pale mbele ya utepe. Alikuwa na beseni jipya la bluu, ndani yake thamosi ya uji, sabuni na kitambaa cheupe. Hakuwa ameomba chochote. Askari aliniambia mama amesimama hapo tangu giza, amemwambia amri ni Jumamosi, naye amesema anangoja tu. Ng'ambo mlango wa Valary ulikuwa wazi. Tulisikia mtoto akilia, kile kilio chembamba cha siku mbili, na Sella alikuwa anakisikiliza na mwili wake wote.

Nilimpigia mkubwa wangu. Simu ilikuwa imezimwa. Nilipiga tena, kwa ajili ya kumbukumbu, maana mimi ni mtu wa serikali. Kisha nikawaza: kura ilipigwa na watu mia nne na thelathini na wanne, kwenye jua, na huyo mkubwa wa kukata utepe hakuwa hata mmoja wao. Askari akaniuliza madam, tufanye nini sasa. Aliyefunga ule utepe aliufunga kama mbuzi wa sikukuu, vidole vilishindwa, kwa hivyo niliufungua kwa meno.

"Pita, Mama Valary," nikamwambia. "Hili ni lako."

Akakanyaga daraja. Nilimfuata nyuma kidogo, nikiogopa goti. Tulikuwa tumefika karibu katikati wakati Wanzala alipoinama chini ya utepe wa ng'ambo, mbio mbio. Alikuwa ameona utepe wa huku umeanguka akajua njia imefunguliwa, akawa anakuja kuchukua kikapu kama kila siku. Alipoona ni nani, alisimama kana kwamba ameitwa na polisi. Kisha akasogea kwenye reli ya kulia, akashika chuma kwa mikono miwili, akatazama maji. Sella akasogea reli ya kushoto, akatazama maji ya upande wake. Kati yao nafasi ilitosha, hakuna aliyerudi nyuma. Mimi nilibaki katikati.

Sella aliongea akitazama mto. "Madam, mwambie baba ya mtoto nimeshukuru. Amenitunzia binti yangu."

Nikageuka kwa Wanzala, ingawa alikuwa amesikia kila neno. Alijifuta uso kwa bega, mikono bado imeshika reli.

"Madam, mwambie mama, mtoto hajaogeshwa," akasema. "Nesi alitaka, majirani wakataka, Valary akakataa. Amesema anangoja mama. Maji yako kwa moto."

Nilifungua mdomo nipeleke ujumbe, na hakukuwa na wa kumpelekea. Sella alikuwa ameshaondoka, beseni kifuani, akitembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea, akimwita mjukuu wake toka mbali kana kwamba mtoto wa siku mbili anaweza kuitika. Akainama chini ya utepe wa pili. Mlango ukampokea. Baada ya dakika chache tukasikia maji yakimiminwa kwenye beseni, na mtoto akapiga kelele ya kuloweshwa, na wanawake wawili wakacheka kwa pamoja ndani ya nyumba moja. Wanzala hakugeuka. Alibaki ameshika reli yake akicheka na kulia, nami nikashika yangu nikalia pia, kila mtu upande wake, mpaka askari akaja kuuliza kama sasa na wengine wanaweza kupita, na nikamwambia wapite wote.